Anga la Usiku la Bukoba na Muleba: Unachoweza Kuona na Kinachokuzuia

Katika Fizikia ya kidato cha nne kuna mada fupi ya elimu ya anga. Watahiniwa wengi huifikia Septemba au Oktoba wakiwa wamechoshwa na elektroniki, na huisoma kwa kukariri: sayari nane, tofauti ya nyota na sayari, maana ya kimondo, kisha daftari linafungwa. Mtihani wenyewe utakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo istilahi zake zishike darasani. Hapa tunaeleza kwa Kiswahili kwa sababu jambo ukishalielewa katika lugha unayofikiria nayo, istilahi haikusumbui tena.

Mada hii ina bahati ambayo nyingine hazina. Maabara yake iko juu ya paa la nyumba yenu, haina mchango, wala haina kifaa cha kuvunja ukalipishwa. Mwanafunzi wa kijiji cha Muleba akitoka nje usiku usio na mwezi anaona mambo ambayo mwenzake wa katikati ya Dar es Salaam huyaona kwenye picha tu. Lakini maabara hiyo inafungwa polepole, na wanaoifunga si watu wabaya. Ni sisi na taa zetu.

Tuweke neno moja sawa kabla ya kuendelea. Mitaani neno "unajimu" hubeba mambo mawili: kuchunguza nyota kisayansi, na ule utabiri wa nyota yako unaochapwa magazetini. Kwenye karatasi ya mtihani usiyachanganye. Tunachozungumzia hapa ni falaki, yaani elimu ya anga: kupima, kuhesabu na kueleza. Anayeifanya kwa kupenda tu, bila mshahara, ni mtazamaji nyota wa ridhaa, kama tunavyosema mchezaji wa ridhaa. Nawe unaweza kuwa mmoja wao kuanzia leo usiku.

MAHALI TULIPO

Mji wa Bukoba uko kama digrii 1 na dakika 20 kusini mwa ikweta, na Muleba iko kama digrii 1 na dakika 50. Faida yake ni kubwa. Mtu wa Ulaya haoni kamwe nyota za kusini kabisa, na mtu wa Afrika Kusini hukosa zile za kaskazini. Sisi tulio karibu na ikweta tunapitiwa na karibu nyota zote za pande zote mbili kadiri mwaka unavyozunguka.

Jipime mwenyewe mwishoni mwa Mei au Juni, saa tatu usiku. Tazama kusini: utaona nyota nne angavu zilizopangika kama msalaba, ndio Msalaba wa Kusini. Geuka kaskazini bila kuhama uliposimama: kuna nyota saba zilizojipanga kama upawa uliopinduliwa. Hizo ni sehemu ya kundi la Dubu Kubwa. Makundi hayo mawili yako juu ya upeo wa macho kwa wakati mmoja.

Kinyume chake, vitabu vingi vilivyoandikwa na watu wa kaskazini vitakuambia utafute nyota ya ncha ya kaskazini, Polaris. Usihangaike. Urefu wa nyota hiyo juu ya upeo wa macho ni karibu sawa na latitudo ya mtazamaji upande wa kaskazini, nasi tuko kusini mwa ikweta. Kwetu haionekani.

Jiografia inatusaidia kwa njia nyingine pia. Bukoba imekaa ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na ziwa liko mashariki. Upande huo hakuna barabara wala maduka, ni maji. Kwa hiyo hata mtu anayeishi mjini, akisimama ufukweni na kuipa taa kisogo, anapata nusu ya anga iliyo na giza, na nyota zinachomoza kutoka majini mbele yake. Waliowahi kusafiri kwa meli ya usiku kati ya Mwanza na Bukoba wakakaa nje badala ya kulala wanajua ninachosema.

MWAKA MMOJA WA NYOTA

Mwaka wako wa kidato cha nne unaanza Januari, basi tuanze hapo. Mvua za vuli zimepungua na hewa imeoshwa. Mapema Februari, saa tatu usiku, inua uso moja kwa moja utosini. Nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja ni mkanda wa Orion, kundi ambalo Waswahili huliita pia Jabari. Ile ya katikati, Alnilam, hupita karibu kabisa na utosi wa mtu aliyesimama Bukoba. Watu wengi duniani huitazama kwa pembeni. Wewe unaivaa kama kofia.

Upande mmoja wa mkanda kuna nyota yenye wekundu, Betelgeuse, na upande wa pili kuna Rigel, yenye weupe wa kibuluu. Hili ni swali la mtihani lililosimama juu ya kichwa chako: rangi ya nyota hueleza joto la uso wake. Betelgeuse ina kama kelvini 3,500, Rigel kama 12,000. Wengi hukosea hapa kwa kuwa bomba la maji nyumbani huwa na alama nyekundu kwa moto na buluu kwa baridi. Kwa nyota ni kinyume. Kumbuka chuma cha mhunzi: huanza kwa wekundu, kikizidi moto kinaelekea weupe.

Kutoka hapo tafuta kijifungu kidogo cha nyota zilizosongamana. Hicho ni Kilimia, ambacho jina lake linatokana na kulima, kwa kuwa wakulima wa zamani walikitumia kujua majira. Hesabu nyota zake. Wengi huona sita. Kwenye giza zuri, mwenye macho makali huona saba au zaidi. Penye taa nyingi kinageuka ukungu mdogo tu.

Januari hiyohiyo, mahali penye giza kweli, kuna jambo ambalo watu wachache duniani wanaweza kuliona kutoka uwanja mmoja. Kaskazini-magharibi kuna doa hafifu, refu kidogo: galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru kama milioni 2.5. Upande wa kusini, chini, kuna kipande kinachofanana na wingu ambalo halisogei na upepo. Ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu. (Na tafadhali: mwaka wa nuru ni umbali, kama kilometa trilioni 9.46. Kila mwaka kuna watahiniwa wanaoandika kuwa ni muda.)

Julai na Agosti, wakati wa kiangazi, ni zamu ya Njia Nyeupe. Ni mkanda wa mwanga hafifu unaovuka anga lote, na upande wa kusini, karibu na kundi la Nge lenye nyota nyekundu Antares, unakuwa mpana na mzito. Huko ndiko kitovu cha galaksi yetu kilipo. Mwanga huo ni nyota zisizohesabika zilizo mbali mno kiasi kwamba jicho haliwezi kuzitenganisha. Ukiwa umekariri kwamba Jua ni nyota moja tu ndani ya galaksi yenye mabilioni ya nyota, hapa ndipo sentensi hiyo inapopata mwili. Njia Nyeupe pia ndiyo ya kwanza kupotea taa zikizidi.

Vitu vingine havijali taa sana. Zuhura, Mshtarii na Mwezi vinaonekana hata ukisimama stendi ya mabasi. Ukiazima darubini ya macho mawili, ielekeze kwenye Mshtarii na uishikilie imara kwenye ukuta: utaona vinukta pembeni mwake. Ndiyo miezi minne ambayo Galileo alianza kuiandika Januari 1610.

Nchi yetu imeshawahi kuonja utamu wa kutazama anga kwa pamoja. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walimiminika Rujewa, wilayani Mbarali, kuona kupatwa kwa jua kwa umbo la pete. Kagera tuliona kwa sehemu tu. Wanasayansi kama Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria walifanya kazi kubwa ya kuwaeleza wananchi jambo hilo. Siku tisa baadaye, tarehe 10 Septemba, likaja tetemeko la Kagera. Usiyaunganishe. Kupatwa ni kivuli cha Mwezi, tetemeko ni miamba kuteleza ardhini, na hilo la pili ni mada ya jiofizikia.

KWA NINI NYOTA ZINAPUNGUA

Nyota hazijapungua. Kilichobadilika ni tofauti ya mwanga kati ya nyota na anga lililo nyuma yake. Ukiandika kwa chaki ubao mweusi, maandishi yanasomeka. Chaki ileile kwenye ukuta wa chokaa haionekani. Uchafuzi wa mwanga ni kupaka anga chokaa.

Fuata safari ya mwanga wenyewe. Taa isiyo na kifuniko inatupa mwanga pande zote. Sehemu inayokwenda juu inakutana na molekuli za hewa, vumbi, moshi na matone ya maji, inatawanywa, na kiasi chake kinarudi chini machoni petu. Ndiyo sababu mji huonekana kwa mbali kama una kuba la mwanga.

Rangi nayo ina sehemu yake. Kwa molekuli za hewa, kutawanywa kunategemea kinyume cha kipeo cha nne cha urefu wa wimbi. Chukua mwanga mwekundu wa nanometa 650 na wa buluu wa nanometa 450. Gawanya 650 kwa 450, upate kama 1.44, kipeo cha nne chake ni kama 4.3. Maana yake mwanga wa buluu hutawanywa zaidi ya mara nne kuliko mwekundu. Ndicho kinacholifanya anga la mchana liwe la buluu, na ndicho kinachozifanya taa za LED nyeupe kali, zenye buluu nyingi, ziharibu anga kuliko taa za rangi ya njano zenye nguvu ileile.

Kuna kipimo rahisi kisichohitaji kifaa. Subiri usiku wenye mawingu machache. Mahali penye giza la asili, wingu ni jeusi kuliko anga: linaonekana kama tundu mahali nyota zilipopotea. Mahali penye taa nyingi, wingu hung'aa kuliko anga, kwa sababu linamulikwa kutoka chini.

Wanasayansi wamejaribu kupima tatizo hili duniani kote. Ramani ya dunia iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanadamu hawawezi tena kuona Njia Nyeupe wanapoishi. Mwaka 2023 ukatoka utafiti mwingine uliotumia hesabu zaidi ya 51,000 za watazamaji wa ridhaa, watu wa kawaida waliolinganisha anga lao na ramani za nyota kati ya 2011 na 2022. Kwa wastani anga lilikuwa liking'aa zaidi kwa karibu asilimia 10 kila mwaka. Watafiti walitoa mfano unaokuhusu wewe hasa: mtoto akizaliwa mahali panapoonekana nyota 250, akifikisha miaka 18 ataona kama 100. Hebu fikiria umri wako. Na vipimo vingi vya utafiti ule vilitoka Ulaya na Marekani, Afrika ikachangia vichache, kwa hiyo mtu anayehesabu nyota Muleba hafanyi kazi ya bure.

TAA ZA DAGAA NA TAA ZA SENENE

Hapa Kagera tuna mifano miwili ambayo hakuna kitabu cha nje kitakupa.

Wa kwanza ni wavuvi wa dagaa. Usiku wa giza, ziwa linajaa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za LED na betri za sola. Mwanga huvuta dagaa waje juu. Siku za mbalamwezi uvuvi huu hudorora, kwa kuwa Mwezi unang'arisha ziwa zima na taa ya mvuvi inapoteza nguvu ya kuvuta. Tazama fizikia yake: ni ileile ya nyota na anga, tofauti ya mwanga na mandhari yake. Mvuvi anataka mwanga uingie majini. Ule unaokwenda juu kwake ni hasara tupu.

Wa pili ni wavunaji wa senene. Ukifika msimu mkubwa wa Novemba na Desemba, taa kali huwashwa zielekee juu, kando yake yakisimamishwa mabati yanayoteremsha wadudu kwenye mapipa. Hapa mwanga unapelekwa angani kwa makusudi, kwa kuwa senene ndiko waliko. Usiku wa namna hiyo mtazamaji nyota aliye karibu hana lake.

Sasa je, tuwaambie wavunaji wazime? Mimi sisemi hivyo. Senene ni chakula na ni ada ya shule, pengine hata yako, na msimu ukiisha taa zile huzimwa. Taa inayozimwa kazi ikiisha hairithishi kizazi kijacho anga lililofifia. Ninazozihofia ni zile zinazowaka mwaka mzima zikimulika kuta, mabango na matawi ya miti, bila mtu chini yake.

Umeme umefika vijiji vingi kupitia miradi ya REA, na hakuna anayetamani kurudi kusoma kwa koroboi. Mama anayetoka sokoni usiku anahitaji barabara yenye mwanga. Swali la kisayansi ni jinsi ya kupata mwanga huo barabarani badala ya mawinguni, na jibu lina sehemu tatu: uelekeo, rangi na muda. Taa iwekewe kofia imulike chini, iwe ya rangi ya njano badala ya nyeupe kali, izimwe isipohitajika. Mji wa Flagstaff, Marekani, ulianza kutunga sheria za kudhibiti taa za nje mwaka 1958, na watu wake hawatembei gizani. Taa yenye kofia pia haikuchomi macho, kwa hiyo unamwona vizuri zaidi mtu aliyesimama nyuma ya mwanga, jambo ambalo walinzi wengi hawajaambiwa.

Faida ya pesa unaweza kuihesabu kwa fomula ya nishati. Tuseme taa ya wati 100 inawaka saa 12 kila usiku: ni uniti 1.2 kwa usiku, na uniti 438 kwa mwaka. Kama sehemu 3 kati ya 10 za mwanga zinakwenda juu, basi uniti 131 hivi za LUKU zimenunuliwa kumulika angani.

PIMA ANGA LAKO

Chukua karatasi ya A4, iviringishe kuwa bomba lenye urefu wa sentimeta 30 na upana wa sentimeta 6, ugundishe. Chagua usiku usio na mwezi wala mawingu. Kaa nje dakika 20 hadi 30 bila kuangalia simu, kwa kuwa jicho linahitaji muda huo kuzoea giza na kioo cha simu kinakurudisha mwanzo. Kisha tazama kupitia bomba na uhesabu nyota unazoziona. Rudia sehemu 10 tofauti za anga, utafute wastani, uzidishe kwa 200, kwa sababu bomba la vipimo hivyo linaonyesha sehemu moja kati ya 200 ya anga lililo juu yako. Andika tarehe, saa, mahali na idadi. Rudia mwezi ujao, na likizo ukienda kwa bibi, pima huko pia.

Fanya hivi uwanjani kwenu au mkiwa wawili watatu. Wa bweni waombe ruhusa kwanza. Sitaki mwalimu wa zamu asikie kwamba kitabu hiki ndicho kilichokutoa nje.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini wingu lililo juu ya mji hung'aa kuliko anga, ilhali kijijini wingu hilohilo ni jeusi?

2. Tuseme mwanafunzi amepata jumla ya nyota 35 katika mitazamo 10 ya bomba akiwa Kashai, na nyota 110 katika mitazamo 10 akiwa Kamachumu. Kadiria idadi ya nyota zinazoonekana kila mahali. (Jibu: 700 na 2,200.)

3. Taa mbili zina nguvu sawa, moja nyeupe yenye buluu nyingi, nyingine ya njano. Ukitumia urefu wa wimbi, eleza ipi italififisha anga zaidi.

4. Mvuvi wa dagaa na mvunaji wa senene wote wanatumia taa usiku. Ni yupi kati yao anayeweza kuweka kofia kwenye taa yake bila kupunguza mavuno, na kwa nini?